Hati za Miaka ya Tanuri

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, mikono ya fundi wa tanuri ilianza kutetemeka. Mkewe, mshonaji, alidhani ni uzee tu. Daktari alipopima damu akakuta sumu ya risasi, madini yale yale aliyokuwa akiyeyusha katika kiwanda cha betri.

"Ombeni matibabu kwenye mfuko wa fidia ya wafanyakazi," daktari akasema. "Lakini watataka ushahidi kwamba ulikuwa tanurini. Hati za mshahara huwa zinaandika kitengo."

"Hilo dogo," mzee akasema njiani. "Sijatupa hata moja. Zote zimo sandukuni, pamoja na karatasi za kodi."

Mkewe alikaza mwendo.

Baada ya mumewe kustaafu, walipohamia chumba cha uani kwa binti yao, yeye alilihitaji sanduku lile kwa vitambaa vyake. Jirani, karani wa kodi, akamwambia, "Mama, miaka saba inatosha. Zaidi ya hapo unafuga mende." Basi akabakiza za miaka saba ya mwisho ndani ya bahasha, nyingine akazitia moto. Na miaka hiyo saba, mgongo ukiwa umeshamshinda, mumewe alikuwa mlinzi wa geti.

Ofisa wa fidia alipekua bahasha mpaka mwisho. "Mlinzi, mlinzi, mlinzi. Geti na tanuri wapi na wapi, mzee? Na kiwanda kilishafungwa, kumbukumbu hazipo."

"Hizo za juu. Tazama chini."

"Hakuna chini."

Mzee akamgeukia mkewe. "Zimeliwa na panya, au nini?"

Mkewe angeweza kuitikia kwamba ni panya. "Si panya. Nilizichoma mimi. Karani alisema miaka saba."

"Alisema habari ya kodi! Kodi, siyo mwili wangu!"

Siku tatu hakumsemesha. Binti yao akawa tarishi kati ya kitanda na jiko: "Mama, baba anauliza chumvi." Na chumvi iko mbele yake.

Siku ya nne mama alikwenda peke yake kwa Kifaru, aliyefanya kazi na mumewe kwenye tanuri moja. Wanaume hao walikuwa wamenuniana tangu mgomo wa kiwandani, Kifaru alipowapita wenzake getini akaingia kazini.

"Shemeji, umekuja kunisuta?"

"Nimekuja na shida."

Alipokuwa akieleza, aliona Kifaru ameibana mikono katikati ya magoti. Nayo ilikuwa ikitetemeka.

"Umepima damu, shemeji?"

"Nipime nini? Naambiwa nimerogwa."

Hati zake zote zilikuwepo, zimefungwa kwa kamba za viatu. Kesho yake mama akawafikisha wanaume wote wawili ofisi ya fidia, wakaketi benchi moja bila kutazamana. Kifaru akaapa kwamba yeye na huyu walikuwa zamu moja tanurini kwa miaka kumi na tisa. "Hatuelewani," akamwambia ofisa, "kwa hiyo sina sababu ya kumpendelea."

Kifaru, mwenye hati, alipimwa na kuanza dawa mwezi ule ule. Ombi la mwenzake, lililosimama juu ya kiapo tu, lilizungushwa miezi mitano. Lilipokubaliwa, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa, na daktari hakuahidi kitu.

Jioni ile mkewe alimkata kucha. Mzee akamwachia mkono, lakini uso ameuelekeza ukutani.

"Nisamehe," mkewe akasema.

"Kata polepole," akajibu.