Ukurasa Uliofungiwa Kenya

Kwa miezi kumi na minne Kalondu hakuisikia sauti ya binti yake Mwelu, aliyekwenda Qatar kuuguza wagonjwa. Kanisani, mtaani Mwihoko, alimtaja kila Jumapili, "muuguzi wangu", na kila alipofika nyumbani moyo ulimuuliza: yu hai, au yu kaburini?

Jana Carolyne, aliyesoma na Mwelu na sasa anafanya kazi Doha, alipiga simu. "Mama, nimeona mtandaoni ukurasa wa Mwelu fulani. Uso hauonyeshi, ni mikono tu."

Mikono hiyo Kalondu angeitambua hata gizani. Asubuhi alikuwa wa kwanza katika saiba ya Githae, duka la kompyuta na mtandao mjini Ruiru. Githae aliandika anwani, akasoma kilichotokea: ukurasa huu haupatikani katika nchi yako.

"Jaribu tena."

"Mama Mwelu, hata nikigonga mpaka kibodi kilie, jibu ni hilo. Mtandao unajua mgeni ametoka nchi gani."

"Nimewakosea nini?"

"Hujawakosea. Kuna filamu zilizouzwa kwa nchi moja tu, maduka yasiyofikisha mizigo huku, sheria za..."

"Filamu! Ninatafuta mtoto, nawe waniambia filamu!"

Githae akampigia Carolyne simu, akamwomba atume picha ya ukurasa. Ilipofika, Kalondu aliinama hata pua ikakaribia kioo. Vidole vyembamba vilikuwa vikisuka nywele. Kwenye kidole gumba, kovu la mafuta ya mandazi. Chini ya picha: Ijumaa hii zimebaki nafasi mbili.

"Yu hai!" Kalondu alikigusa kioo kwa kidole. "Basi ni nani aliyenifungia?"

Githae aliinamisha macho. "Nimeuliza rafiki zangu. Kampala unafunguka, Arusha unafunguka. Ni Kenya peke yake. Hilo, mama, huamuliwa na mwenye ukurasa."

Kalondu aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, siku Mwelu alipoomba karo ya kujifunza ususi: "Ukiwa msusi, usiniite mama." Mtoto alikuwa ametii.

Alikivua kitambaa cha kichwa mbele ya wateja wote. Mvi zilikuwa zimesokotana kama mizizi.

"Nipige picha, Carolyne amfikishie. Andika kwamba kichwa hiki hakijaguswa na mtu tangu aondoke. Ijumaa aniwekee nafasi."

Baada ya kitambo Carolyne alijibu: Mwelu amesoma.

Githae aliufungua ukurasa tena. Jibu lilikuwa lilelile.

"Nitangoja," akasema Kalondu, akaketi, kitambaa mapajani.