Andika Mia

Naila alikuwa na kidole kimoja cha kazi, cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa kidole hicho aliandika mahindi yote yaliyoingia ghala la Mzee Gibson pale Chapwa. Alibonyeza idadi ya magunia, kisha kilo za kila gunia, kisha kitufe cha kijani, na hela ikaingia kwenye kadi ya mkulima. Mwaka ule wa 2014 mashine ilikuwa mpya, na Mzee Gibson aliifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Kilo za kila gunia zilikuwa mia. Gunia lilikuja lumbesa, limeshindiliwa mpaka likaota kichwa cha pili juu ya kile cha kwanza, wapagazi wanalibeba huku wanamlaani aliyelishona, na bado lilikuwa mia. Mzani ulikuwepo. Waliutumia kuanikia taulo.

Jumanne moja Ketrina alishuka na lumbesa kumi kutoka upande wa Mbozi Mission. Upepo ulikuwa umeezua nyumba yake yote, naye alishapiga hesabu kwa uzito wa kweli, kilo mia na thelathini kila gunia: bati ishirini na sita. Kwa mia mia angepata ishirini tu. Sita zilizobaki ndizo chumba cha mama mkwe, na mama mkwe hakuwa mtu wa kunyeshewa kimya kimya.

Naila akabonyeza kumi. Akabonyeza moja, sifuri, sifuri. Mashine ikakohoa, na mahindi yakaanza kumwagika pale panapotokea risiti. Yalitoka makavu, safi, yakajaa kaunta, yakashuka sakafuni, yakamfunika Naila ndala. Mlangoni magunia kumi yakanywea taratibu, vichwa vya juu vikaisha. Mwisho kabisa kikatoka kifungo cha bluu.

"Changu hicho," alisema Ketrina. "Kilinidondoka siku ya kupukuchua."

Alikipima kwenye gauni lake. Kilikuwa chenyewe.

"Basi na mahindi ni yako, mama," alisema Naila. Akafuta, akaandika mia na thelathini.

Mahindi yakaanza kurudi. Yalipanda kaunta punje kwa punje, yakaingia yalikotokea, na mlangoni magunia yakanenepa tena. Ketrina aliyaangalia akaanza kutabasamu. Naila alikuwa amesogeza kidole kwenye kitufe cha kijani Mzee Gibson alipotokea na kikombe chake cha chai.

"Naila, mwanangu. Andika mia."

"Lakini bosi, si unaona mwenyewe?"

"Naona. Yanatoka kwenye mashine yangu." Akanywa chai. "Kifungo achukue. Mimi si mwizi."

Naila aliona aibu. Lakini alikuwa na kodi ya chumba ya kulipa, na kidole kimoja. Akaandika mia. Mahindi yakamwagika upya, naye akabonyeza kijani.

Habari zilienea hadi Mbangala. Wakulima walikuja wengi kuliko mwanzo, kwa kuwa kila mtu alikuwa amepoteza kitu shambani. Nikodemo alipata jino lake, akaenda nalo amelifunga kwenye leso. Ferista alipata hereni aliyomsingizia wifi yake miaka miwili, akaomba irudishwe ndani. Mzee Gibson alinunua karai, halafu beseni, halafu pipa. Akabandika tangazo kwamba mahindi ya mashine ni mali ya ghala, vitu vidogo vichukuliwe na wenyewe.

Msimu uliofuata Ketrina alirudi na lumbesa kumi. Naila alimwuliza hali ya nyumbani.

"Nzuri, mwanangu. Mama mkwe bado analala sebuleni na kuku, anatusema sote pamoja nao." Akanyoosha gauni lake, akamwonyesha vifungo, kila kimoja kimeshonwa kwa uzi mara mbili. "Mwaka huu nimevikaza. Sikutaka kukusumbua na mashine yako."

Naila akabonyeza kumi. Akamtazama Mzee Gibson, akabonyeza moja, sifuri, sifuri. Mashine ikakohoa. Pipa lilikuwa limekaa upande kidogo, na punje za kwanza zikaanguka sakafuni, basi Ketrina akainama, akalisogeza vizuri chini ya mashine, akalishikilia kwa mikono miwili mpaka mahindi yake yote yakaisha kuingia.