Pumzi Nne za Octave Rochon

Jumatatu ile, saa kumi alasiri, maharage mekundu yakiwa bado hayajalainika, Odile Rochon alipanga karatasi tatu za noti za muziki juu ya meza ya jikoni akazikandamiza kwa chupa ya pilipili zisipeperushwe na feni. Chuo cha muziki cha upande wa juu wa New Orleans kilitaka nyimbo tatu kwa ajili ya usaili wa jazi: bluzi moja, wimbo mmoja wa mbio, na mmoja wa taratibu kutoka kwenye orodha yao. Mwaka huo walikuwa na nafasi ya mpiga tarumbeta mmoja tu. Odile alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na chuo kingine moyoni.

Bluzi aliipata kwa siku moja, wa mbio kwa wiki. Wa taratibu ulimsumbua, mpaka mwalimu wake, Bwana Lacour, alipomchagulia "Lifti ya Hoteli", uliotungwa na Everett Stroud, kiongozi wa bendi wa zamani kutoka kaskazini.

"Wasaili wanaupenda huo," alimwambia. "Upige kama ulivyoandikwa. Usiongeze hata kikohozi."

Odile akaupiga pale jikoni kama ulivyoandikwa. Bibi yake, Ernestine, aliyekuwa akikoroga maharage, akaweka mwiko chini.

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

"Umo kwenye orodha, Bibi."

"Huo ni wimbo wa babu yako. Na katikati wameunyofoa. Ungekuwa mzima, saa hizi tungekuwa juu."

Habari za kwenda juu Odile alikuwa akizisikia tangu utotoni. Kila Jumapili baada ya kanisa, marehemu babu yake Octave alisimama barazani akaupiga wimbo huo, na nyumba ikabanduka kutoka kwenye nguzo zake za matofali, ikapanda kiasi cha urefu wa watu wawili. Alifanya hivyo kwa sababu Ernestine alipenda kuangalia meli, na kutoka chini tuta la mto lilimzibia. Wimbo ukiisha, nyumba ilishuka. Majirani walijua tu kutowaacha mbwa wao walale chini yake.

Octave alikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa ya wapiga tarumbeta wote wa rika lake. Alipiga huku amefunika vidole kwa leso, mtu asije akauona ufundi wake akauiba. Aliwaficha wenzake, akawaficha wanawe. Basi jioni moja, kwenye hoteli alikokuwa akiwapigia watu wakila, Everett Stroud aliketi amempa mgongo, akauandika wimbo wote kwa masikio nyuma ya karatasi ya vyakula. Wote isipokuwa pumzi nne za katikati, yaani vipande vinne vya pumzi moja moja, maana hapo mhudumu alikuja kumuuliza kama chaza wake wawe wabichi au wa kukaanga, na Stroud alikuwa mtu wa kufikiri sana juu ya chakula. Miaka mingi baadaye Octave aliusikia redioni. Alisema huo hauinui hata kijiko, akazima redio, na mtu wa kumfundisha ule mzima hakumtafuta mpaka akafa.

"Kwa hiyo pumzi nne zimepotea," alisema Odile.

"Zimepotea wapi? Nimelala na yule mwanamume miaka thelathini na moja, na alikuwa akikoroma kwa noti. Ninazo zote."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza? Mimi si mpigaji." Bibi Ernestine akaketi. "Mwaka wa mafuriko niliziimba siku mbili, tuko juu ya paa. Lakini mdomo mtupu hauinui nyumba. Uliinua sufuria, na ulimwinua Leontine wa nyumba ya pili, kwa kuwa alikuwa mwembamba. Alikaa hewani mpaka mashua ikaja. Kaka yangu Alphonse alikuwa mnene."

Bibi alifumba midomo akaziimba zile pumzi nne kwa pua, na kifuniko cha sufuria kikapanda kidogo, mvuke ukatoka. Odile akazifuata kwa tarumbeta. Mara ya kwanza alikosea. Ya pili alikosea. Mara ya sita sakafu ikatikisika, dirisha likajaa matawi, kisha paa za jirani.

"Ernestine!" Mzee Wilbert wa nyumba ya pili alipiga kelele kutoka chini. "Mmenikatia waya wa televisheni! Na mpira unaendelea!"

"Nani anaongoza?"

"Wale wengine!"

"Basi nimekuokoa, nyamaza!"

Bibi Ernestine alitoka barazani akakaa kwenye benchi. Mto ulikuwa pale pale, na meli moja ndefu ilikuwa ikikata kona. Odile alipomaliza na nyumba ikatua, bibi alisema, "Tena, mama." Walipanda mara kumi na moja, na maharage yakaungua. Kila walipopanda, bibi alisogea mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Bwana Lacour alisikilizishwa siku ya pili. Alishuka barazani akipangusa suruali.

"Ni mzuri," alisema. "Ila ukiupiga hivyo watasema umekosea. Ukipiga wa kwenye karatasi, nafasi ni yako. Nakwambia kama mwanangu."

Odile alimuuliza bibi yake.

"Mimi niliolewa na wimbo," alisema bibi. "Anayetaka chuo ni wewe. Chagua."

Siku ya usaili Odile alijaza fomu, na penye mtunzi wa wimbo wa tatu akaandika Octave Rochon. Mkuu wa wasaili, Daktari Whitcomb, alivaa miwani.

"Maktaba yetu inasema ni Stroud."

"Ni babu yangu, bwana."

"Pole sana," alisema Daktari Whitcomb, akalikata jina kwa rula, akaandika Stroud kwa mwandiko mzuri.

Odile alipiga bluzi, akapiga wa mbio. Kwenye wa taratibu, alipofika katikati, mpiga kinanda aliyemsindikiza alikuta karatasi yake haina kitu, akaweka mikono mapajani akasubiri. Chumba kikapanda. Paa la tramu likapita chini ya dirisha. Msaili wa pili alishika kikombe chake cha kahawa, wa tatu akazuia penseli zisibiringike.

"Kuna kitu kimeingia pale katikati," alisema Daktari Whitcomb walipokuwa wakishuka.

"Ndicho kilichokuwa kimetoka, bwana."

Daktari akaandika hilo pia.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Odile amepata nafasi. Tena chuo kilipendezwa na zile pumzi nne, na kilikuwa kimekwisha kuzinakili kutoka kwenye kinasa sauti cha usaili, ili karatasi ya maktaba ikamilike: "Lifti ya Hoteli", wimbo mzima, mtunzi Everett Stroud.

Oktoba, Jumapili mchana, Odile aliupiga na bendi nzima ya chuo, watu kumi na saba. Kwa upepo wa vifua kumi na saba ukumbi ulipanda juu kuliko nyumba ilivyowahi kupanda, na wimbo ulipoisha ukumbi haukushuka. Wasikilizaji walitolewa kwa ngazi ya zimamoto. Chuo kiliita mafundi, wakajenga ngazi ya chuma ya vidato ishirini na sita, na juu ya mlango wakapigilia kibao cha shaba: Ukumbi wa Everett Stroud.

Bibi Ernestine huenda ukumbini kila Jumapili. Goti lake ni bovu, kwa hiyo hupumzika kwenye kidato cha tisa na cha kumi na nane. Huko juu ana kiti dirishani, na mto unaonekana mpaka kwenye kona ya pili. Watu humuuliza kama hakioni kile kibao. Yeye hujibu kwamba miwani yake ni ya kuonea mbali.