Wimbo Uliozeeka kwa Miezi Mitano

Albamu ya Krismasi hurekodiwa Julai, ndiyo maana Thirza na mumewe Amos, ambao kwao Julai ni joto kali, waliimba habari za theluji huku jasho likiwatiririka mpaka kwenye fidla. Walikodi kanisa dogo, wakafunga madirisha yote, maana kondoo wa nje walikuwa wanaitikia pasipotakiwa. Nyimbo zilikuwa kumi na mbili: tisa za jadi, tatu za Thirza mwenyewe.

Katika hizo tatu, alioupenda kama mtoto wake ni "Taa ya Zizini". Hakuutakia tuzo. Alitaka ausikie siku moja tu ukiimbwa kwenye baa ya Hollinbeck, kijijini kwao, ambako kila Jumapili mchana, Novemba mpaka Krismasi ipite, watu hujazana na bia zao kuimba nyimbo walizoachiwa na babu zao. Shida ni moja: wimbo ambao mtunzi wake bado anapumua, pale hauimbwi. Mwaka juzi aliwaimbia wimbo wake mwingine. Mzee Enoch Barraclough, anayeanzisha nyimbo zote kutoka kiti cha karibu na moto, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza nani anataka pai.

Albamu ikatoka Novemba. Maandishi ya jalada aliandika Amos, na Amos ni mpiga kodiani, kalamu si kazi yake. "Taa ya Zizini" akauweka kwenye orodha ya nyimbo za jadi. Thirza akamnunia siku tatu. Amos akajitetea kwamba maandishi madogo vile hakuna anayeyasoma.

Hollinbeck wanayasoma.

Jumapili ya pili ya Desemba waliingia baa, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Mzee Enoch akagonga meza, akaanzisha, na baa nzima ikamwitikia. Thirza akamshika Amos mkono. Ulikuwa wimbo wake, beti zote nne, wanaume wenye vitambi wakiunguruma chini, kina mama wakipanda juu. Ila ubeti wa tatu waliuburuza, na mwishoni wakarudia mstari ambao yeye hakuandika urudiwe.

Ulipoisha, Mzee Enoch akamwita kwa kidole.

"Mwanangu, albamu yenu nimeisikia. Si mbaya. Lakini huu mmeuharibu."

"Tumeuharibu vipi, mzee?"

"Mwisho hamrudii. Babu yangu alikuwa anarudia mara mbili. Nilikuwa nakaa magotini kwake, nakumbuka vizuri."

"Mara tatu," Bi Keziah akadakia kutoka nyuma. "Babu yako alikuwa analewa, angehesabu saa ngapi?"

Watu wakacheka. Amos akafungua mdomo aseme ukweli, Thirza akamkanyaga. Alijua akitamka neno moja tu wimbo utarudi kuwa wake, na humo ndani hautaimbwa tena mpaka wamzike.

"Nani aliwafundisha vibaya hivyo?" Mzee Enoch akauliza.

Thirza akajibu, "Watu wa Ravensike."

Baa nzima ikaguna kwa kuridhika. Ravensike ni ng'ambo ya kilima tu, na kila mtu anajua wanavyoharibu nyimbo.

"Nilijua mimi," akasema mzee. "Haya, kaa hapa nikufundishe."

Thirza akakaa. Ilibidi afundishwe tena na tena, maana kila akifika ubeti wa tatu alikuwa anasahau kuuburuza.