Neno Linalofuta Umbali

Wapendanao wa kaskazini wakikaribia sikukuu yao, sisi wa milima ya Antioquia hatuna raha: madege ya mizigo hutua mfululizo kuja kubeba maua yetu. Dege la namna hiyo huacha nyuma yake pepo mbili zinazojisokota, kama maji kwenye tundu la sinki, na jicho halizioni. Dawa yake inajulikana. Ndege ndogo ikae mbali hadi zitulie. Ila kuna neno moja linalofuta umbali huo. Mnara wa kuongozea ndege ukimuuliza rubani kama analiona dege lililo mbele, naye akijibu "Naliona", basi kuanzia hapo umbali ni shauri lake.

Mume wangu Eliécer alijibu "Naliona". Kindege chake kilipinduliwa kikielekea kutua, kikaanguka shambani.

Kwenye uchunguzi, Daktari Arbeláez wa mamlaka ya anga (kwetu kila mwenye tai ni daktari) alitusikilizisha sauti ya marehemu.

"Umesikia mwenyewe, mama. Aliliona."

"Aliona dege, daktari. Huo upepo aliuona nani?"

"Pole sana, lakini utaratibu ni utaratibu."

"Na anayekataa kusema hilo neno? Si mnamzungusha juu ya milima mpaka akome?"

Akakohoa, akafunga faili. Nilitamani kumzaba kofi. Wakaandika kwamba ni kosa la rubani.

Fabián, mdogo wake Eliécer, ni rubani wa kampuni ileile. Siku ya mazishi aliniapia.

"Shemeji, hilo neno halinitoki. Wakiniuliza, silioni. Wanipe umbali wangu."

Kweli hakulisema. Wakamzungusha, abiria wakatapika, na wenzake wakambandika jina la Kipofu. Mwishowe bosi akamwita.

"Kijana, kipofu ana kazi gani kwenye ndege? Fikiria vizuri."

Jana alikuja kula kwangu. Nilimpakulia maharage na nyama ya nguruwe, nikafurahi kumwona kawahi.

"Leo hawajakuzungusha?"

"Hawajanizungusha." Alikuwa anayaponda maharage bila kuyala. "Nilisema naliona."

"Na uliliona?"

"Wingu lilikuwa limeliziba, shemeji."

 Nilimwongezea maharage tu, nikamwambia ale kabla hayajapoa.