Upole wa Mama Mkwe

...na huyu naye anapiga kelele, anayepiga kelele anapumua, ndivyo alivyofundishwa siku yake ya kwanza kupokea wagonjwa wa dharura, mtazame kwanza aliyenyamaza, muuguzi akafunga kitambaa cha kipimo cha presha kwenye mkono mzima wa fundi ujenzi, ule mwingine unaning'inia, bega limechomoka, "Dada, nakufa!", hufi kaka, tulia kidogo, akaanza kubonyeza mpira, macho yakamponyoka yakaenda benchini, kwa mama mkwe wake, aliyekuja kwa miguu yake akimsema tangu getini, kiungulia tu, kimemshika toka asubuhi, na mkamwana gani huyu anampanga mama wa mumewe nyuma ya walevi, naye akampa kadi ya kijani, kijani ni wa kusubiri, akampa haraka haraka ili wenzake wasiseme anapendelea ndugu... au ili apumzike na ule mdomo, hebu sema kweli... "Nakufa jamani!", presha ya fundi nzuri, nzuri kuliko yake mwenyewe, lakini mbona benchini kimya, miaka yote ya ndoa mdomo ule haujapoa, si harusini, si msibani, hata alipojifungua mapacha alikuja kukagua nepi kwenye kamba na kusema hazijatakata, "Mama, unaendeleaje?", uso ukainuka taratibu, rangi ya majivu, jasho limetanda juu ya mdomo ilhali feni inampepea yeye, kiganja kimeshika taya kama mwenye jino bovu, na akatabasamu, "Niko salama, mwanangu. Wahudumie wenzangu kwanza. Unachoka sana, pole," mwanangu... pole... hajaitwa mwanangu na mwanamke huyu hata siku moja, taya, jasho, upole, hiki si kiungulia, ni moyo, moyo wa wanawake una hila, husingizia tumbo, na kitanda ndani kimebaki kimoja, amemwahidi fundi, wenzake watasema, basi waseme, "Kitanda! Mashine ya moyo! Huyu mama, nyekundu, sasa hivi!", ni sauti yake hiyo, "Na mimi je?" fundi akalalama, wewe subiri kaka, wewe una pumzi ya kulalamika, upepo bado unatoka kidogo kidogo kwenye kitambaa mkononi mwake, na kule benchini kichwa kikatikiswa polepole, kwa aibu, asisumbue watu kwa ajili yake, nitukane, mama, mbele za wote hawa, nitukane kama getini... "Pole, mwanangu," akasema tena mama mkwe, kwa upole uleule, na muuguzi akaanza kukimbia.