Likizo ya Muzdalifa

Saa moja asubuhi Muzdalifa alikuwa ameshafika bombani pale shuleni, anajaza ndoo nusunusu. Daktari alimkataza kubeba kizito kwa wiki sita. Lakini shule ilipiga simu: asipofika Jumatatu, nafasi yake ya usafi ina watu. Vyoo vilikuwa na siku kumi na moja havijaoshwa.

Wiki mbili nyuma, maumivu yalimshika akifagia darasa. Zahanati wakampa vidonge vya mkojo mchafu. Siku ya tatu akaanguka jikoni kwake, mumewe Swalehe akampakia kwenye bodaboda, katikati yake na dereva, mpaka hospitali. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Wakampasua saa ile ile, wakaukata. Habari ya kuwa na mimba na habari ya kutolewa alizipata siku moja, kwa mtu mmoja. Walimlaza wodi ya wazazi, na kila zamu ilipobadilika muuguzi mpya alimwuliza, "Mama, mtoto wako yuko wapi?"

Saa nne asubuhi hiyo ya Jumatatu Fikirini, karani wa shule, akamwita ofisini.

"Pole, dada Muzdalifa. Ila mahudhurio nayafunga leo. Likizo ya uzazi inataka tangazo la kizazi la mtoto."

"Mtoto hakuna, kaka."

"Basi huo si uzazi. Nikuandikie ugonjwa? Karatasi ya daktari ipo?"

Akampa ile aliyoruhusiwa nayo hospitali. Fikirini akaigeuza huku na huku. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka.

"Haina muhuri. Rudi wakakugongee."

"Nirudi vipi? Kwa bodaboda na njia ile, nyuzi zitaachia."

"Taratibu sijazitunga mimi."

Muzdalifa akaitazama fomu ya mahudhurio mezani. "Na msiba? Humo umo?"

"Umo. Nani kafa?"

Muzdalifa hakuwa na jina la kumtajia.

Fikirini akaandika: Utoro, siku kumi na moja. Akamsogezea kalamu.

Muzdalifa alilisoma lile neno mara mbili. Hakusikia hasira, hakusikia kitu, ila mshono ukimvuta alipoinama mezani. Akaandika majina yake yote matatu, pole pole, kwa mwandiko mzuri.

"Hapa tu?"

"Na hapa, kwenye nakala."

Akasaini na hapo.